ZooBank kwa mwenye jenasi mpya ya nzi vimelea: inakufaa wapi, inakuacha wapi

Huduma: daftari la mtandaoni la majina ya kisayansi ya wanyama
Gharama: bure, isipokuwa bando lako
Alama: 4 kati ya 5

Aliye na nzi mezani, Museum Hill au Kasarani hapa Nairobi, na funguo zote za utambuzi (maswali ya hatua kwa hatua ya kumtambua mdudu) zimekataa kumpokea nzi huyo, ana kazi mbili mbele yake. Moja ni kuthibitisha kwamba hii kweli ni jenasi mpya, yaani kundi jipya la spishi ndugu. Nyingine ni kuipa jina ambalo kila mwanazoolojia duniani atalazimika kulitambua. ZooBank inasaidia hiyo ya pili peke yake, tena kipande kimoja tu cha kazi hiyo. Kipande hicho inakifanya vizuri, ndiyo maana tumeipa alama nne. Tatizo ni kwamba wanafunzi, na hata watafiti wazoefu, huichukua namba ya ZooBank kuwa ndiyo jina lenyewe, wakapumua mapema. Namba ile ni risiti ya kuonyesha kwamba chapisho limeandikishwa. Jina hutengenezwa ndani ya makala ya kisayansi, na makala hutengenezwa chini ya hadubini.

ZooBank iko chini ya Tume ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, ambayo watu huiita kwa herufi zake, ICZN. Wazo lake lilichapishwa mwaka 2005, na daftari likafunguliwa rasmi tarehe 1 Januari 2008. Hiyo ilikuwa miaka 250 tangu 1758, mwaka ambao Kanuni za majina, yaani sheria za Tume hiyo, zinauhesabu kuwa mwanzo wa kazi yote hii kwa sababu ya toleo la kumi la orodha ya wanyama ya Linnaeus. Jina jipya la kwanza kuandikishwa lilikuwa la samaki wa miamba ya kina kirefu, Chromis abyssus. Wakati huo kuandikisha kulikuwa hiari. Mwaka 2012 Tume ikarekebisha Kanuni na kuyakubali majina yaliyochapishwa kielektroniki tu, bila karatasi, mradi chapisho liwe limeandikishwa ZooBank kabla ya kutoka. Jarida linalotoa nakala halisi za karatasi linaweza kubeba jina hata bila ZooBank. Jarida la mtandaoni tupu haliwezi: bila usajili huo, jina lako mbele ya Kanuni halipo, hata kama makala imesomwa na watu elfu.

Kabla ya kufungua tovuti

ZooBank haimwangalii nzi. Jenasi iliyoelezwa kwa haraka na ile iliyochunguzwa kwa miaka zinapata namba za aina moja. Kwa hiyo ubora wa huduma hii kwako unategemea ulichofanya kabla ya kuingia, na hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Nzi vimelea wanadanganya kuliko nzi wengine. Wapo wa familia ya Tachinidae, ambao funza wao hula kiwavi kutoka ndani hadi kumuua. Spishi zao zilizokwisha kuelezwa zinapita 8,000. Wapo Phoridae, wadogo wenye kibiongo, ambao baadhi yao hutaga ndani ya siafu na chungu wengine. Funza wa jenasi Pseudacteon huishia kichwani mwa chungu mpaka kichwa kikaanguka. Wapo Conopidae wanaowavizia nyuki na nyigu. Wapo Nycteribiidae wa popo, wasio na mabawa kabisa, wenye miguu mirefu kama buibui na kichwa kinachokunjwa mgongoni. Maisha ya kimelea hubadilisha mwili kwa namna zinazojirudia: mabawa hupungua, macho huwa madogo, makucha huwa makubwa. Kwa sababu hiyo nzi wawili wasio na undugu wa karibu wanaweza kufanana sana, na nzi mmoja anaweza kuonekana mgeni kumbe ni ndugu wa kawaida aliyepoteza mabawa.

Kwa hiyo ufunguo ukigoma, usikimbilie neno "jipya". Kwanza hakikisha umetumia ufunguo ulio sahihi. Kwa Afrika kusini mwa Sahara, pa kuanzia ni Manual of Afrotropical Diptera iliyohaririwa na Ashley Kirk-Spriggs na Bradley Sinclair; juzuu mbili za kwanza zilitoka 2017, ya tatu 2021, na zote zinapakuliwa bure. Kisha jiulize kama huyo uliye naye ni dume au jike. Kati ya Phoridae wanaoishi na chungu au mchwa, majike wa spishi nyingi hawana mabawa ilhali madume wanayo, na katika historia ya familia hiyo madume na majike wamewahi kupewa majina tofauti. Halafu toka nje ya Afrika. Jenasi Euryplatea ilijulikana kutoka Guinea ya Ikweta, ikifikiriwa ya Afrika; mwaka 2012 ikaelezwa spishi ya pili kutoka Thailand, Euryplatea nanaknihali, mwenye urefu wa milimita 0.4. Aliyetafuta katika orodha za Asia peke yake angeweza kumwita yule mdogo jenasi mpya.

Jenasi inasimama juu ya alama ambazo kundi hilo limezipata lenyewe, si juu ya wingi wa tofauti. Nywele ngumu tatu kifuani badala ya mbili hazianzishi jenasi. Mpangilio wa mishipa ya ubawa, umbo la pingili za kipapasio, na zaidi ya yote viungo vya uzazi vya dume, ndivyo vinavyobeba hoja. Na viungo hivyo havionekani bila kusafishwa.

Namna ya kusafisha: kwa nzi aliye chini ya milimita 5, toa tumbo lote, kwa mkubwa, pingili za mwisho zinatosha. Weka kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 ndani ya kichupa, na kichupa kikae ndani ya maji ya moto, kamwe usichemshe dawa yenyewe juu ya moto. Vitabu vingi vitakuambia dakika 5 hadi 10. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji hapa hutokota kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo muda wa vitabu ni mwongozo tu: angalia kila baada ya dakika mbili. Ukitoa mapema, misuli hubaki imeganda na kuficha umbo la ndani. Ukichelewa, sehemu laini huwa angavu kama maji na huwezi tena kuona mipaka yake. Hilo halirekebishiki, na kama ni dume pekee uliye naye umepoteza ushahidi wa jenasi nzima. Asiye na haraka aache usiku kucha kwenye joto la chumba, ni salama zaidi. Osha kwa maji, weka matone machache ya asidi ya asetiki kuua nguvu ya dawa, kisha hamishia kwenye gliserini. Gliserini ya duka la dawa inafaa kabisa. Spiriti ya duka la dawa haifai kuhifadhia sampuli unayotaka kusoma DNA yake, kwa sababu ina vichanganyio; tafuta ethanoli ya asilimia 95 kwenda juu, na ng'oa mguu mmoja kwa ajili ya DNA kabla ya kugusa kitu kingine. Ukimaliza, viungo vikae ndani ya kichupa kidogo chenye gliserini kilichochomwa kwenye pini ileile ya nzi wake. Viungo vilivyotenganishwa na nzi wake ni hasara ambayo hakuna lebo inayoifidia.

Na lebo: karatasi isiyo na asidi, kaunti, mahali, majiranukta ya GPS, mwinuko, tarehe, aina ya mtego, aliyekusanya. Wino wa printa ya leza hubanduka ndani ya ethanoli, herufi zikaelea kwenye chupa; kwa sampuli za majimaji andika kwa penseli au wino wa rangi isiyoyeyuka. Holotaipu, yaani yule nzi mmoja anayebeba jina, hupewa lebo nyekundu na kukabidhiwa makumbusho. Kwa Kenya mahali pake ni Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi, ambayo wataalamu wa nzi huyaandika kwa kifupi NMKE. Vibali vya utafiti na vya kutoa sampuli nje viwe mkononi kabla hujaandika sentensi ya kwanza. ZooBank haiviulizi, lakini wahariri makini watauliza.

Ndani ya ZooBank

Fungua akaunti, halafu fuata mpangilio huu, kwa sababu kuupindua ndiko kunakozaa rekodi mbovu: mwandishi, chapisho, jenasi, spishi.

Kwenye mwandishi, tafuta kwanza kama tayari umo. Wakenya wengi tuna majina matatu, na mtu yuleyule huonekana mara kwa jina la ubatizo na la ukoo, mara kwa herufi mbili na la ukoo. Chagua umbo moja utakalolitumia maisha yako yote ya uandishi. Rekodi mbili za mtu mmoja hazivunji jina la nzi, ila zinachafua daftari na kuunganisha baadaye ni kazi.

Kwenye chapisho ndipo penye sheria. Unaandika kichwa cha makala, waandishi kwa mpangilio wao, na jarida. Rekodi ya jarida lazima iwe na ISSN, namba ya kimataifa ya kulitambulisha jarida, na lazima itaje hifadhi ya kudumu, yaani taasisi ambayo si mchapishaji mwenyewe itakayotunza nakala ya kazi hiyo, pamoja na anwani yake ya mtandao. Majarida makubwa ya taksonomia tayari yamejazwa hivyo. Ukiandika katika jarida dogo la chuo, fungua rekodi yake uione kwa macho yako. ISSN ikiwapo na hifadhi ikikosekana, sharti halijatimia, na mhariri wa jarida dogo mara nyingi hata hajui kuna sharti kama hilo. Mwandikie mapema. Jambo la hifadhi halimalizwi kwa siku moja.

Baada ya chapisho, andikisha jenasi, kisha spishi ndani ya jenasi hiyo. Ukianza na spishi utajikuta huna jenasi ya kuiweka. Ukurasa wa jina hutaujua mpaka makala ipangwe. Acha, utarudi kujaza.

Utapewa namba ndefu inayoanza na urn:lsid:zoobank.org, kisha pub kwa chapisho au act kwa jina, kisha herufi na tarakimu 32 zilizogawanywa kwa vistari vinne. Nakili kwa kubandika, usiandike kwa mkono. Kwenye hizo 32 za mwisho hakuna herufi O hata siku moja, kwa kuwa zinatumia tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F tu. Ukiona O hapo kwenye rasimu, mtu ameandika kwa kidole. Kosa dogo la namba haliui jina ikiwa chapisho linaweza kuhusishwa bila shaka na rekodi iliyokuwepo kabla, lakini kwa nini ufike huko?

Wengi hukosea hapa: Kanuni zinadai usajili wa chapisho, na ushahidi wa usajili huo uwe ndani ya makala yenyewe. Namba za majina ni nzuri kuwa nazo, na tunashauri uziweke chini ya kila jina, ila namba yenye pub ndiyo isiyokosekana. Tarehe ya kuchapishwa nayo iandikwe ndani ya kazi. Na tahadhari na toleo la awali ambalo baadhi ya majarida huweka mtandaoni kabla ya la mwisho: tarehe ya jina huhesabiwa kuanzia toleo la mwisho.

Wakati mzuri wa kusajili ni makala ikishakubaliwa, kabla ya kurasa za mwisho kupitishwa. Ukiwahi sana, wahakiki wa jarida wakakushauri ubadili jina, unaacha rekodi yatima.

Kisichoandikwa ZooBank ila lazima kiwe kwenye makala: neno la wazi kwamba jenasi ni mpya, maelezo ya maneno yanayotaja alama za kuitofautisha na nyingine (picha na DNA peke yake hazitoshi), spishi kielelezo ya jenasi (ile inayobeba jina la jenasi), itajwe waziwazi, holotaipu ya spishi, na mahali holotaipu inapotunzwa. Spishi kielelezo husahauliwa zaidi pale jenasi inapokuwa na spishi moja tu, kwa sababu mwandishi anaona ni dhahiri. Iandike. Maelezo ya jenasi yenye spishi moja mpya yanaweza kuunganishwa kuwa maelezo ya pamoja, Kanuni zinaruhusu, lakini kwa nzi vimelea tunapendelea yatengwe: atakayepata spishi ya pili anahitaji kujua ni alama zipi ulizihesabu kuwa za jenasi na zipi za spishi.

Jina lenyewe

Hapa Kiswahili kina nafasi yake, na tungependa kiitumie zaidi. Wataalamu wa visukuku wametutangulia. Asilisaurus kongwe wa Tanzania alitajwa 2010, Pakasuchus kapilimai mwaka huohuo, Shingopana songwensis 2017, na 2019 wakaja wawili: Mnyamawamtuka moyowamkia, na Simbakubwa kutokaafrika ambaye mifupa yake ilikuwa imetunzwa hapa Nairobi, kwenye makumbusho. Miongoni mwa wanyama walio hai yupo nyani Rungwecebus kipunji. Nzi wetu maarufu kuliko wote, Mormotomyia hirsuta, yule mwenye nywele nyingi wa pango la popo katika kilima cha Ukazi, kaelezwa 1936 kwa jina la Kigiriki na Kilatini. Yeye si kimelea, funza wake huishi kwenye kinyesi cha popo, lakini ni mfano wa jinsi jenasi moja ya Kenya inavyoweza kubeba familia nzima peke yake.

Kanuni hazilazimishi Kilatini. Zinataka herufi za Kilatini, neno lenye herufi mbili au zaidi, na jenasi ihesabiwe kuwa nomino ya umoja. Kiswahili kinaingia bila taabu, isipokuwa kwa ng'. Kibainishi hakiruhusiwi: ukitunga jina kutokana na ng'ombe au ng'e, kitaondolewa, na neno litasomwa tofauti. Afadhali uchague neno jingine kuliko kuacha kizazi kijacho kikilitamka vibaya.

Suala la jinsia ya kisarufi linawatisha wasiosoma Kilatini, ila mzungumzaji wa Kiswahili ana faida hapa. Ni upatanisho wa ngeli tu. Tunavyosema mbuzi mweusi, nyumba nyeusi, kiti cheusi, ndivyo Kilatini kinavyosema niger, nigra, nigrum kufuatana na jenasi. Unachotakiwa ni kutaja jenasi yako ni ya kiume, ya kike au ya katikati. Usipotaja, Kanuni zinakuamulia kwa mwisho wa neno: likiishia -a ni la kike; likiishia -um, -on au -u ni la katikati; mengine yote ni ya kiume. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo kimelea lingekuwa la kike, mdudu la katikati, kupe la kiume. Jina linaloishia kwa -myia, neno la Kigiriki la nzi, ni la kike hata kama mwanzo wake ni wa Kiswahili. Kwa upande wa spishi, kivumishi cha Kilatini hupatana na jenasi. Neno la Kiswahili halibadiliki. Nomino iliyowekwa kando ya jina la jenasi haibadiliki pia. Jina la kumuenzi mwanamke huishia -ae, la mwanamume -i. Kerengende wa Kenya Notogomphus maathaiae, aliyetajwa 2005 kwa heshima ya Wangari Maathai, ni mfano safi wa kuigwa.

Kisha swali gumu: je, jina limeshatumika? Jina la jenasi haliruhusiwi kurudiwa mahali popote katika wanyama wote, wawe nzi, konokono au samaki. Cuvier alimwita mnyama mwenye miiba wa Australia Echidna, kumbe jina lilikuwa limeshapewa mkunga wa baharini. Mnyama yule sasa ni Tachyglossus. Tofauti ya herufi moja inatosha kuepuka mgongano, na jina la mmea halihesabiwi. Maneno mafupi ndiyo hatari zaidi. Wako popo anayeitwa Ia io na nyigu anayeitwa Aha ha. Ukifikiri neno lako la herufi nne halijawahi kumjia mtu, tafuta tena.

Na hapa ndipo ZooBank ilipopoteza nyota. Kisanduku chake cha kutafuta kinaonekana kama kingekujibu swali hilo. Hakiwezi. Majina mengi ya kabla ya 2008 hayajaingizwa, kwa hiyo kutokuliona jina ZooBank hakuthibitishi chochote, na mfumo hautakuzuia kuandikisha jina ambalo mtu wa karne ya 19 alishampa kaa. Tafuta kwingine: Nomenclator Zoologicus kwa majina ya zamani, Systema Dipterorum kwa nzi wote, IRMNG kwa jenasi za viumbe vyote. Jaribu kila namna ya kuliandika neno lako, yenye c na yenye k, yenye y na yenye i. Nusu siku ya kazi hii inakuokoa na aibu ya mtu mwingine kuja kuitaja upya jenasi yako.

Kuhusu usiri. Jina jipya lisiwekwe kwenye bango la kongamano, kwenye kundi la WhatsApp la idara, wala kwenye kichwa cha faili unalotuma huku na huku. Huko ni kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Tasnifu ni mtego mkubwa zaidi kwa wanafunzi wa vyuo vya Nairobi, kwa kuwa siku hizi huwekwa kwenye hazina ya mtandaoni. Katika tasnifu iite "jenasi A, spishi ya 1", au andika mwanzoni kabisa tamko kwamba kazi hiyo haikutolewa kwa ajili ya kutaja majina kwa mujibu wa Kanuni. Ndiyo sababu hata humu hatukutunga jina la mfano.

Kasoro nyingine ni ndogo. Tovuti ni ya Kiingereza tupu. Sura yake ni ya kizamani, na fomu haikuelezi kwa nini inataka inachotaka. Mgeni hubaki akikisia. Waandishi na majarida yenye rekodi pacha wamejaa. Kwa upande mwingine, ni maandishi matupu, haili bando, na kwa simu tu unaweza kukagua rekodi stima ikipotea. Kuandikisha jenasi na spishi yake, ukiwa na kila kitu tayari, ni kazi ya chini ya saa moja.

Kwa asiye na bajeti ya kulipia makala, usajili wa bure utamsaidia tu akiwa na jarida lisilotoza. European Journal of Taxonomy halitozi mwandishi wala msomaji, nalo ni la kielektroniki, kwa hiyo mambo ya ZooBank yanalihusu moja kwa moja. Zootaxa linakubali makala bila malipo ikiwa huhitaji iwe wazi kwa wote. ZooKeys hutoza, ila usajili wa ZooBank hulifanyia mwandishi lenyewe. Hata hivyo fungua rekodi ukague tahajia, kwa sababu kosa la tahajia kwenye makala na kwenye daftari huwa na wamiliki tofauti.

Makala ikitoka, rudi siku hiyohiyo. Jaza tarehe kamili, juzuu na ukurasa wa kila jina. Linganisha herufi kwa herufi tahajia ya jenasi kwenye kichwa cha makala, kwenye maelezo, kwenye ufunguo na chini ya picha. Jina likiandikwa kwa namna mbili ndani ya makala moja, ni tahajia ipi ya kushikwa ataamua mwandishi wa baadaye, na si lazima achague uliyoikusudia. Kisha peleka nakala makumbusho, namba ya rekodi ikiwa imeandikwa juu yake, iwekwe kwenye droo moja na holotaipu.